Ufugaji nyuki Dodoma: anza na maji, mzinga baadaye

Wanaotamani kufuga nyuki hapa Dodoma karibu wote huanza kwa kuuliza bei ya mzinga. Sisi tuliomo kwenye shughuli hii tungependa waulize kwanza jambo jingine: ifikapo Oktoba, makorongo yamebaki mchanga mtupu na miti imepukutika, nyuki wako watakunywa wapi? Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na kwa kawaida mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600. Miezi iliyobaki ni mikavu. Kundi lisilo na maji halikai kukuonea huruma. Linahama lote kwa siku moja, na aliyenunua mizinga 10 kwa mpigo anabaki na masanduku ya mbao.

Haya tunamwandikia Mwislamu mwenye kazi yake, mwanamume kwa mwanamke, anayetafuta jambo la kumshughulisha baada ya Alasiri na mwishoni mwa wiki badala ya kukaa na simu akipanga mkeka wa kubeti mechi za Ulaya. Nyuki watakutembeza, watakuinamisha, watakubebesha mizigo. Watakulazimisha kutulia hata siku ambayo hasira iko juu, maana mikono ya pupa haifungui mzinga salama. Na ukisoma Surat An-Nahl, aya ya 68 na 69, ukiwa umekwisha kuona kwa macho yako masega yanavyoshushwa kutoka juu kwenda chini bila rula wala kamba, aya zile hutaziacha zipite ulimini haraka kama zamani. Jambo kubwa tunalotaka kulisema ni hili: haki ambazo dini imempa kiumbe huyu ndizo hizohizo ufundi unazozidai. Anayemdhulumu nyuki humkosa nyuki.

Tuseme ukweli wa gharama mapema. Mzinga mmoja mzuri wa mbao ni makumi ya maelfu ya shilingi, na mavazi kamili na bomba la kuwapulizia nyuki moshi yanaweza kuzidi hapo. Mwaka wa kwanza usitegemee asali. Pengine hata nyuki hawataingia. Kwa hiyo anza na mizinga miwili tu, suti moja nzima, na daftari. Usichukue mkopo kwa ajili ya hili.

Mahali pa kuweka mizinga patafute wakati wa kiangazi, kati ya Agosti na Oktoba, kwa sababu mahali panapofaa wakati huo panafaa mwaka mzima. Kwa wakazi wa mjini, maana yake ni kupata kipande cha pori au shamba upande wa Hombolo, Zanka, Bahi au Chamwino, au nyumbani Kondoa na Chemba kwa wenye asili ya huko. Angalia miti: migunga, mikwaju, mibuyu, mikole. Angalia kama kuna mashamba ya alizeti, maana yanapochanua nyuki hupata chakula kingi kwa muda mfupi. Nyuki anaweza kuruka kilomita 3 hivi kutafuta maua, lakini kadiri anavyokwenda mbali ndivyo anavyotumia njiani sehemu ya alichokipata.

Mashamba ya zabibu yanataka mazungumzo. Mkulima akipulizia dawa asubuhi nyuki wakiwa kwenye maua, utakuta nyuki vibarua, wale watenda kazi, wamelala chini mbele ya mlango wa mzinga, wengine wanatetemeka. Mfuate jirani yako kabla hujaweka mzinga, mwombe apulizie jioni nyuki wakisharudi, na akujulishe siku. Wengi hukubali wakifuatwa kwa heshima. Asiyekubali, wewe ndiye uhame.

Kutoka kwenye nyumba, shule, msikiti, barabara na njia ya mifugo, sisi hatuweki mzinga ndani ya mita 300. Nyuki wetu wa Afrika wanaulinda mzinga kwa ukali, na wakivurugwa hufuata adui umbali mrefu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana, mzinga ulio nyuma ya ukuta wa jirani pale Nkuhungu au Chang'ombe ni kumdhuru, hata kama hajaumwa bado. Na kamwe usifunge mbuzi, punda au mbwa kwa kamba karibu na mizinga. Mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia, na nyuki humuua.

Aliye na uwanja mdogo mjini afuge nyuki wadogo wasiouma. Asali yao ni kidogo, nyepesi na ina uchachu wake wa asili, isimtie mtu shaka kwamba imechakachuliwa. Ila ina maji mengi kuliko ile ya nyuki wakubwa, kwa hiyo ihifadhi kwenye friji.

Sasa mzinga. Ile ya magome na magogo ambayo wazee wa Kondoa na Manyoni wamevunia miaka yote bado inashika nyuki vizuri, lakini kuvuna bila kuharibu majana, yaani watoto wa nyuki, ni vigumu. Kwa anayejifunza tunashauri mzinga wa sanduku wenye viunzi vya mbao vilivyopangwa juu, ambapo kila kiunzi kinabeba sega moja na kinanyanyuliwa peke yake. Ule wa fremu, Langstroth, ni mzuri pia ila unahitaji mashine ya kukamulia na fundi sahihi zaidi.

Mpe fundi seremala kipimo kimoja asichoruhusiwa kukibadili: upana wa kiunzi, milimita 32. Viunzi 28 vya upana huo hujaza sanduku la sentimita 90 hivi kwa urefu. Kiunzi kikiwa chembamba au kinene kuliko hapo, nyuki huunganisha masega mawili au hujenga kwa kukata upande, na siku ya kuvuna ukinyanyua kimoja unararua vitatu. Chini ya kila kiunzi, katikati kabisa, pitisha mstari wa nta iliyoyeyushwa kama unene wa kamba ya kiatu. Huo ndio unaowaonyesha pa kuanzia. Mbao ziwe kavu. Zisiwe zilizotiwa dawa ya mchwa, na ndani usipake rangi. Mlango uwe upenyo wa kimo cha sentimita 1 hivi, usizidi, ili mijusi na panya wasiingie.

Ninginiza mzinga kwa waya kati ya miti miwili, usawa wa kifua chako, kwenye kivuli. Kuuweka juu ya meza au mawe ni kumkaribisha nyegere, naye akifika usiku huangusha mzinga, huupasua, na asubuhi huna kitu. Paka waya grisi kila baada ya wiki chache kuzuia siafu na sisimizi, na ukate matawi yote yanayogusa mzinga, kwa sababu siafu hahitaji waya kama ana tawi. Mlango usielekee mashariki moja kwa moja. Upepo wa Dodoma hutoka zaidi upande huo na huwasukuma nyuki wanapotua na mizigo yao.

Mizinga iwe imeshaninginizwa kabla mvua hazijaanza, mwezi wa Novemba usikukute bado unamsubiri fundi. Makundi huzunguka kutafuta makazi miti inapoanza kuchanua. Kuwavutia, sugua nta mbichi ndani na mlangoni, au ponda majani ya mchaichai uyasugue kwenye mbao. Sukari na soda usiweke, zinaita sisimizi. Ukishaweka, kaa mbali. Pita kila baada ya wiki mbili, tazama mlango tu. Ukiona nyuki wanaingia na vidonge vya chavua vya njano au rangi ya chungwa kwenye miguu ya nyuma, tulia, malkia yumo na anataga, kwa kuwa chavua ndiyo chakula cha majana.

Ikipita miezi mitatu hakuna kitu, fungua uangalie ndani. Mara nyingi kuna buibui, mchwa au nondo wa nta, au mbao inanuka dawa. Safisha, paka nta upya, hamishia mti mwingine.

Kundi likishaingia liache wiki sita hivi bila kulifungua. Hapa ndipo wageni wengi huharibu: hamu inawazidi, wanafungua kila Jumamosi, na nyuki wanahama. Kibarua huchukua wiki tatu hivi kutoka yai mpaka kutoka kwenye seli, malkia siku 16. Ukijua hesabu hiyo utaelewa kwamba wiki ya kwanza hakuna cha kuona.

Kuhusu mavazi tunataka kusema kwa kina, kwa sababu maswali ya Waislamu hapa yana upekee wake. Nyuki huchokozwa na rangi nyeusi. Baibui jeusi, kofia nyeusi, hata soksi nyeusi, viache nyumbani. Vaa nyeupe au kaki. Kanzu nyeupe rangi yake ni sahihi lakini chini iko wazi, na nyuki aliyepanda kwa ndani hana njia nyingine zaidi ya kukuuma, kwa hiyo kanzu si vazi la mzingani. Ovaroli pana linasitiri vizuri, mwanamke anaweza kuvaa mtandio wa pamba wa rangi nyepesi ndani, kisha kofia yenye wavu juu yake, mradi wavu usiguse uso. Suruali iingie ndani ya buti na mpira ufunge juu. Manukato ni adui mkubwa. Ijumaa umepaka mafuta ya udi, umetoka msikitini, usipitilize shambani. Subiri kesho, uoge kwa sabuni isiyonukia. Jasho jingi na mafuta ya nywele yanawachokoza vilevile.

Ukiumwa, utasikia harufu kama ya ndizi mbivu. Hiyo ni harufu ya kuitana, nyuki akishauma anawaonyesha wenzake pa kupiga. Kwangua mwiba upesi kwa ukucha, kwa sababu kifuko cha sumu huendelea kusukuma hata nyuki akishaondoka, kisha puliza moshi mahali hapo kuifunika harufu. Kuvimba na kuwasha ni kawaida. Lakini midomo na ulimi vikivimba, pumzi ikibana, vipele vikitoka mwili mzima au kizunguzungu kikikushika, huo ni mzio, na ni hospitali sasa hivi, hakuna kusubiri. Ndiyo maana hakuna kwenda mzingani peke yako. Wakikuzidi, funika uso, ondoka mbio kuelekea nyumba au kichaka kizito, usiwapige kwa mikono.

Mavuno kwa kawaida huwa kati ya Mei na Julai, mvua zikishaisha na maua yakishafanya kazi yake. Muda mzuri ni giza linapoingia. Watu hujibana kati ya Alasiri na Magharibi, wanaharakisha, wanaumwa, na Magharibi inawapita. Swali Magharibi kwanza, palepale shambani, kisha vaa. Kazi ya mizinga miwili haiwezi kukupitishia wakati wa Isha. Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia miezi ya mvua, si ya mavuno, na hilo ni jepesi kwetu. Ila kama una ukaguzi mwezi huo, uache mpaka baada ya futari. Ndani ya ovaroli mtu hutoka jasho kama yuko tanurini na kiu yake si ya kuchezea.

Moshi uwe mweupe na wa baridi kwenye kiganja. Wengi hutumia kinyesi cha ng'ombe kikavu, na kweli huwaka taratibu. Sisi tunatumia magunzi ya mahindi na maranda makavu. Kwanza asali hunyonya harufu haraka; pili, kwa fikihi ya Kishafii ambayo wengi wetu tunaifuata, kinyesi hicho ni najisi, na hakuna haja ya kukiingiza kwenye chakula wakati magunzi yamejaa kila kijiji. Mpira, plastiki na matambara yenye oili ni marufuku. Puliza mlangoni mara tatu au nne, subiri dakika mbili, nyanyua kiunzi cha mwisho kabisa upande ulio mbali na mlango, na puliza kidogo tena. Moshi mwingi unawapagawisha.

Na moto wa wazi, ule wa mwenge wa nyasi unaounguza kundi zima ili mtu apate ndoo moja, Mwislamu asiuguse. Imepokewa katika Sunan Abu Dawud kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuua viumbe vinne, na nyuki ni mmojawapo, na alipoona kijiji cha chungu, yaani sisimizi, kimechomwa alisema hakuna anayestahiki kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa moto. Hesabu ya kidunia inakubali: kundi lililochomwa halina mavuno ya mwakani, na nyasi za Julai zikishika, pori la watu linakwenda. Fyeka mita 3 kuzunguka mizinga, beba maji, na bomba ulizime kabisa kabla ya kuondoka.

Vuna sega lililozibwa kwa nta juu ya seli zake karibu zote. Lishike mbele ya tochi: sehemu iliyoiva imefunikwa na utando mkavu, mweupe au wa kahawia hafifu, isiyoiva inameta maji, na ukilitikisa kidogo asali hudondoka kama mvua. Hiyo irudishe. Asali mbichi ina maji mengi, na kiwango cha kimataifa cha chakula kinataka unyevu usizidi asilimia 20. Ukivuka hapo hamira za asili huamka, kifuniko cha ndoo huvimba, povu hutokea na harufu ya chachu. Kinachofuata ni kilevi, na wanaopika wanzuki wanajua njia hiyo vizuri. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu bit'u, kinywaji cha asali cha watu wa Yemen, akajibu kuwa kila kinywaji kinacholewesha ni haramu. Kwa hiyo uvivu wa kutenganisha masega unaweza kuishusha riziki ya halali ikawa kitu ambacho huwezi kukinywa, kukiuza wala kukitoa sadaka.

Sega lenye majana au mayai halikatwi. Acha pia masega matano mpaka manane ya asali kwa ajili yao, hata kama ndoo yako haijajaa. Kiangazi kiko mbele yao.

Asali iwekwe kwenye ndoo safi ya plastiki ya chakula au chombo cha kioo, isiwe debe la bati, kwa kuwa asidi ya asali hula zinki. Ponda masega, chuja kwa kitambaa safi, acha itulie siku mbili povu lipande juu uliondoe. Usiipike. Ikiganda, na ya alizeti huganda upesi sana, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu ambayo mkono unayavumilia. Kuganda si dalili ya sukari, na mteja mwelezwe hivyo bila kumficha. Anayechanganya sukari guru amejitia katika onyo la hadithi ya Muslim, anayetughushi si katika sisi.

Kuna nyumba ambazo mtoto akizaliwa huonjeshwa asali. Tunaomba kwa msisitizo: mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata tone. Asali safi inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo tumbo la mtu mzima huzimudu na la mtoto mchanga haliwezi, na matokeo ni kupooza misuli mpaka ya kupumulia. Tahniki ya Sunna, yaani kule kumwonjesha mtoto mchanga, ni kwa tende, nayo ni kiasi kidogo sana kilicholainishwa.

Zaka huulizwa kila msimu. Madhehebu ya Hanafi na Hanbali yanaona asali ina zaka ya sehemu moja ya kumi. Shafii na Maliki hawaioni kuwa wajibu. Anayefuata Shafii akitoa chupa moja katika kumi kama sadaka amefanya jambo zuri na ametoka kwenye khitilafu. Fedha ya mauzo ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, hiyo ina zaka yake ya asilimia 2.5. Na ukifikia kuuza kwa wingi, mwone afisa nyuki wa wilaya au ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Shughuli hii ina Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, na kuweka mizinga kwenye msitu wa hifadhi kunahitaji kibali.

Baada ya mavuno watu husahau mizinga mpaka mwakani. Kuanzia Agosti ndipo wanapokuhitaji. Weka beseni pana mita 20 au 30 kutoka mizingani, lijaze mawe na vijiti vinavyotokeza juu ya maji, maana nyuki hutua kwenye kitu kikavu na kunywa pembeni. Beseni tupu lenye maji marefu linawazamisha. Lita 5 kwa mizinga miwili zikaguliwe kila baada ya siku mbili tatu, kwa joto la Oktoba hata mapema zaidi. Yasikauke hata mara moja, kwa sababu nyuki wakishazoea chanzo kingine, mara nyingi bomba la jirani au birika la ng'ombe, hawarudi kirahisi. Maji yasiwe na sabuni. Kama huwezi kwenda shambani mara kwa mara, mlipe kijana wa hapohapo, na mpe chupa yake ya asali bila kuombwa.

Msimu wa mvua ukifika panda miti. Mlonge hukua haraka, huvumilia ukame na maua yake nyuki wanayapenda mno. Mkwaju huchelewa lakini hudumu. Hadithi ya Bukhari na Muslim inasema Mwislamu akipanda mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, ni sadaka kwake. Mwarobaini tumeujaza Dodoma nzima tayari, na asali inayotoka humo inaweza kuwa na uchungu kidogo.

Wakihama hata baada ya yote hayo, usiache mzinga unaning'inia na masega matupu, nondo wa nta watamaliza kila kitu ndani ya wiki chache na kuvuka kwenda mzinga wa pili. Toa masega, yachemshe kwenye maji, chuja kwa gunia safi, acha yapoe: nta itaelea juu na kuganda. Pitisha moto wa karatasi ndani ya mzinga mtupu kuua mayai ya nondo, kwangua pembe zote, paka nta mpya kwenye viunzi na urudishe kwenye waya kabla ya Novemba. Nta inayobaki iuze au ihifadhi kwa ajili ya mzinga wa tatu, ambao usiutengeneze mpaka miwili ya mwanzo imevuka kiangazi kimoja kizima ikiwa na nyuki ndani.